Majani Manne Juu ya Maji

Kuna mmea mmoja mdogo katika bonde letu ambao watu huukanyaga mwaka mzima bila kuutazama. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilizaliwa Ifakara, nikakulia humo humo na kujifunza kushona humo humo, na kwa muda mrefu ungeniuliza kunaota nini kwenye majaruba zaidi ya mpunga, ningekujibu magugu, basi. Mimi ni fundi cherehani. Macho yangu yamezoea kitu kinachotulia mezani.

Mama ndiye anayeuita majani manne. Ana jina lake jingine la Kindamba, ambalo kila nikijaribu kulitamka ananiambia ninyamaze tu. Hilo la majani manne linatosha, maana ndivyo ulivyo: bua moja jembamba, na juu yake vipande vinne vya jani vimepangwa kuzunguka, kila kimoja sawa na mwenzake. Fundi akitaka vipande vinne vilivyo sawa hukunja kitambaa mara mbili ndipo apitishe mkasi. Huu mmea sijui unakunjwa wapi. Hautoi ua. Hautoi tunda, hausukwi mkeka, na ng'ombe huutafuna wakikosa kingine. Shina lake halisimami kabisa. Linatambaa ndani ya tope likiwa jembamba kama uzi, na kila baada ya nafasi kidogo linachomoza bua jingine na majani mengine manne, mpaka sehemu nzima inakuwa zulia. Ukifa juu, uzi ule unabaki chini. Ukichota tope kwa kiganja unaweza kuuona umepita katikati.

Nimeujua kwa sababu ya msimu mmoja, si zamani sana, ambao mama alikuwa anapigania kubaki bondeni.

Mama yangu ni mtu wa kuhamia shamba. Wageni wa huku hushangaa wakisikia: mtu ana nyumba ya bati mjini, ana kitanda na umeme, halafu mvua zikianza anafunga mlango na kwenda kuishi kwenye dungu, kijumba cha miti na nyasi kilichoinuliwa juu ya nguzo, kuta pande tatu na upande mmoja wazi penye ngazi, maji yanapita chini yake. Anakaa huko mpaka mpunga uvunwe. Shamba la mpunga haliachwi peke yake. Kuna ndege, kuna nguruwe, kuna maji yanayokuja na kuondoka bila kubisha hodi. Baba alipokuwa hai walikwenda wote wawili, na sisi watoto tukiwafuata shule zikifungwa. Baba alipofariki tulidhani mama ataacha. Hakuacha. Alikwenda peke yake kila msimu kwenye shamba lao la siku zote, kando ya mto, mpaka mto wenyewe ulipohama. Mafuriko yaliondoka na nusu ya shamba, na nusu nyingine yakaifukia kwa mchanga.

Hapo kaka yangu akaona mlango umefunguka. Kaka ndiye mkubwa wetu, anafanya kazi kwenye mashamba ya miwa Kidatu, na ana nyumba yenye chumba cha ziada. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Goti la mama lilikuwa limeanza kumsumbua, na kaka aliishi kwa hofu ya kupigiwa simu asubuhi moja na kuambiwa mama yake amekutwa majini. Alikuja Ifakara, akakaa sebuleni, akasema safari hii mama ahamie kwake moja kwa moja.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema apewe msimu mmoja. Atatafuta shamba jingine mwenyewe, atalima, na akivuna asiguswe tena na mtu. Asipovuna, atafunga vyombo vyake kwa mkono wake aende Kidatu, na hakuna atakayemsikia akilalamika. Kaka akakubali. Mimi nilikuwa palepale nachambua mchele kwenye ungo, na hakuna aliyeniuliza neno. Nilijua tu kwamba mama akishasema, amesema.

Mvua za mwanzo zilipokolea akanipigia simu twende kutafuta shamba. Tulipanda bodaboda mpaka Michenga, kila mtu na yake kwa sababu mama hapendi kubanwa, kisha tukashuka bondeni kwa miguu. Binamu yake mmoja alikuwa na vipande viwili asivyovilima, akamwambia achague anachopenda. Kimoja kilikuwa karibu na njia, na bado kilikuwa na mabua ya mahindi ya zamani. Kingine kilikuwa mbali, kwenye kibonde, na maji yalikuwa yamejaa.

Mama hakugusa udongo wala hakuuliza nani alilima mwaka uliopita. Aliinamisha kichwa akawa anatembea polepole, kama mtu aliyedondosha hereni. Nilipomuuliza anatafuta nini akasema anatafuta majani manne. Bibi yangu ndiye aliyemfundisha: yanapokaa hayo, maji yanakaa, na maji yakikaa mpunga haukosi. Kila shamba alilowahi kulima alilichagua hivyo, na hakuna lililowahi kumwangusha.

Kwenye kibonde kile yalikuwa yametanda kila mahali. Yalikuwa yamelala juu ya maji, bapa, yamegusana ncha kwa ncha. Mama akakaza kanga, akaingia, akaniita. Mimi niliingia nikilalamika, viatu mkononi, nikiogopa ruba wasije wakaninyonya damu. Akaniambia niingize mkono nifuate bua moja mpaka chini. Nikafuata. Mkono ukazama hadi kiwiko ndipo nikagusa tope, na bua lilikuwa bado jembamba vilevile, laini, halina hata kifundo. Kisha akanivuta pembeni, mahali ambapo maji yalikuwa ya kufika kwenye kifundo cha mguu, akaniambia nishike jingine. Hilo lilikuwa fupi kama kidole. Mmea uleule, labda uzi uleule wa chini, na kila bua lilikuwa limerefuka kiasi cha maji yaliyokuwa juu yake, wala si zaidi.

Nikauliza bua linajuaje maji yameishia wapi. Mama akasema yeye hajui, ila maji yakiongezeka usiku, asubuhi utayakuta majani yako juu tena. Nikachota maji nikalimwagia jani moja. Maji yakaviringika yakadondoka, jani likabaki kavu, kana kwamba halikuwa limelala juu ya dimbwi. Nilisahau kwamba nilikuwa nalalamika. Nilibaki nimeinama pale nikimwagia majani maji mpaka mama akaniambia nimemaliza kuyabatiza, twende.

Akachagua kibonde.

Siku vijana walipokuja kuvuruga tope, alikuja pia jirani kutusalimia. Alikuwa mama wa Kisukuma mwenye ng'ombe, aliyehamia bondeni na mumewe zamani. Alitusaidia kubeba miti ya dungu, akatuletea maziwa, na katika mazungumzo akasema kwamba pale tulipopachagua yeye alizoea kupachungia. Mama akamjibu kwa utani kwamba mchungaji huangalia nyasi, mkulima huangalia maji. Wakacheka wote wawili. Mimi pia nilicheka.

Miche ilipandikizwa, ikashika. Kwa muda shamba lilikuwa zuri sana. Nilikwenda kila Jumapili baada ya misa, nikiwa na unga, chumvi na sabuni, na mama alikuwa ananipokea juu ya dungu lake kama mwenye jumba la kifahari. Nikimwambia shikamoo anaitikia marahaba huku anaangalia mpunga wake, si mimi. Alikuwa amenenepa. Goti halikutajwa.

Halafu mvua ikakata.

Mwanzoni hatukuhangaika, mvua za huku hupumzika. Lakini Jumapili iliyofuata maji ya jaruba yalikuwa yameshuka, na nyingine yalikuwa madimbwi, na nyingine yalikuwa tope linalong'aa. Na hapo ndipo nilipoona jambo la pili. Yale majani manne yaliyokuwa yamelala juu ya maji sikuyaona tena. Badala yake, kutoka kwenye tope lilelile, yalikuwa yamesimama mengine, kwenye mabua mafupi na magumu, jani lenyewe nene na dogo zaidi. Hayakuwa yameegemea kitu. Ungeyaona mara ya kwanza ungesema ni mmea mwingine kabisa, umeletwa na mtu. Nilichimba kwa kidole nikaukuta uzi uleule. Maji yalipokuwepo ulitoa majani ya kulala. Yalipoondoka ukatoa ya kusimama. Hakuna aliyeuambia.

Jioni ile tulikuwa tunakula wali na kambale, jua limeshaegemea milima, nikaona shamba linabadilika rangi. Nikadhani ni macho yangu. Nikashuka ngazi na kijiko mkononi. Majani yalikuwa yanafumba. Vile vipande vinne vilikuwa vinainuka taratibu, kimoja kikimlalia mwenzake, mpaka juu ya kila bua ukabaki upande mmoja mwembamba unaoelekea juu. Huku na huku, mpaka mwisho wa jaruba, kila moja. Nilichuchumaa nikalifumbua moja kwa vidole, likarudi. Nikaogopa kidogo, sijui kwa nini. Nilihisi nimeingia nyumba ya watu wakati wanalala. Mama alikuwa ameona hayo tangu utotoni, kwake ilikuwa kama kuona kuku wanapanda kibandani, akaniita nirudi nimalize chakula.

Ila mpunga nao ulikuwa unajikunja, na ule haukuwa usingizi. Ilikuwa kiu. Majani yake yalianza kuwa ya njano kwenye ncha, kisha hadi katikati. Tulichota maji ya kisima kwa ndoo, kazi ya kuchekesha, shamba lile kwa ndoo. Mama alipunguza maneno. Kaka alikuwa anapiga simu jioni kuuliza hali, naye anajibiwa kwamba hali ni nzuri, na mimi nikiwa pembeni natazama chini.

Jumapili moja nilimkuta katikati ya jaruba anang'oa majani manne kwa mikono miwili na kuyatupa tutani. Ardhi ilikuwa imepasuka. Mpunga ulikuwa umekauka kiasi kwamba ukipita unasikia unavyochakacha. Yale majani, yeye anang'oa huku, kule yamesimama, mabichi bado.

"Yamenidanganya," akasema. "Tangu kwa mama yangu hayajawahi kunidanganya."

Sikuwahi kumwona akitukanwa na mtu akaumia vile. Nikachukua panga nimsaidie kung'oa, kwa hasira zangu mwenyewe, nikachimbua mpaka chini ya ule uzi, kwenye udongo mkavu uliokuwa haujaguswa na jembe. Humo nikakuta punje. Zilikuwa ndogo kuliko choroko, nyeusi, ngumu. Nyingine mpya, za kahawia na zenye manyoya, zilikuwa zimeshikamana na mmea kwenye kitako cha bua. Zile nyeusi za chini hazikuwa zimeshikamana na kitu. Nikafunga chache kwenye pindo la kanga, nikazisahau mpaka kesho yake niliposikia zinagonga mguu wa cherehani.

Nilijaribu kuipasua moja kwa jino, ikanishinda. Nikatoa plaizi ninayobania zipu, nikaibana ukingoni kidogo tu mpaka ikalia, nikaitumbukiza kwenye glasi ya maji iliyokuwa mezani. Sikuwa na sababu. Nilitaka kuona ndani kuna nini. Nikarudi kwenye kola niliyokuwa naishona.

Nilipoinua macho, ile punje ilikuwa inatoa kitu.

Ulikuwa uteute, lakini uliokuwa na umbo. Ulitoka kwenye ule ufa kama uzi mnene usio na rangi, ukawa unarefuka, unajipinda, unarefuka tena. Nikausogeza mwanga karibu. Kwenye uzi ule, kushoto na kulia, vilikuwa vimepangwa vifuko vidogo vyeupe, kimoja baada ya kingine kwa mpangilio ambao mimi na futi yangu ya mkononi tusingeuweza. Punje isiyofika ukubwa wa kucha ilikuwa imetoa kitu cha karibu urefu wa kidole, mbele yangu, wakati mimi nashona kola. Kilikuwa mle ndani kimekunjwa chote. Mteja aliyekuwa anasubiri gauni akachungulia, akasema mabomba yetu yana minyoo, akaniambia nisinywe yale maji. Nilikuwa naona aibu kwamba machozi yananilengalenga kwa sababu ya gugu.

Safari iliyofuata, kabla sijafika kwa mama, nilipitia kwa yule jirani wa Kisukuma. Nikamuuliza kama aliwahi kuona maji yamekaa pale kwenye kibonde. Akafikiri. Akasema alianza kupachungia akiwa na mtoto wake wa kwanza mgongoni, na mtoto huyo sasa ana watoto wake. Mvua hunyesha, maji hupita, lakini kukaa hadi kuwa dimbwi alikuwa hajaona, mpaka mwaka huu mvua za mwanzo zilipokuwa nyingi kupita kiasi. Na hayo majani je? Akasema hayo nayo ameyaona mwaka huu.

Niliondoka pale nikitembea polepole. Miaka yote ya uhai wa mtoto yule, ng'ombe walipita juu ya zile punje. Jua lilizichoma, moto wa nyasi ulipita juu yake, na ndani ya kila moja ule uzi ulikuwa umekunjwa na vifuko vyake, hakikosekani hata kimoja. Kisha mwaka mmoja maji yakaja, na kibonde kizima kikafunguka kana kwamba yaliondoka jana. Nilisimama njiani. Sijui kama nilikuwa nasali au nashangaa tu.

Hapo pia ndipo nilipoelewa kosa la mama. Kule mtoni walikolima yeye na bibi, maji hayakuwahi kuondoka muda mrefu, kwa hiyo majani yalikuwepo daima, na palipo na majani palikuwa na maji kweli. Hajawahi kuyaona yakingoja. Huku kwenye kibonde yalikuwa yanaonyesha maji ya zamani, na yeye akayasoma kama ahadi ya msimu.

Nilifikiri nisimwambie. Lakini mama si mtu wa kufichwa kitu, na zaidi, nilitaka aone. Nilipanda dungu na glasi na plaizi. Nikabana punje mbele yake, nikaitia majini, nikamwambia asubiri. Akaniuliza kama nimeanza uganga. Kisha ule uzi ukaanza kutoka.

Mama alisogea mpaka pua ikakaribia glasi. Amekaa na mmea ule maisha yake yote, ameuchunguza, ameuamini, ameutukana, na hilo alikuwa hajaliona. Alibaki hivyo mpaka ulipoacha kurefuka. Nikamweleza aliyoniambia jirani. Akaitikia kwa kichwa, polepole.

"Basi hayakunidanganya," akasema. "Nimeyasoma vibaya."

Akaizungusha glasi kwa kidole.

"Haya yanaweza kungoja. Mpunga hauwezi." Akaisukuma glasi kando. "Na mimi siwezi. Mwambie kaka yako aje."

Kaka akapanga kuja na gari la rafiki yake Jumamosi. Mimi nilitangulia Ijumaa kusaidia kufunga vyombo. Na kana kwamba bonde limeamua kutucheka, wiki ile mvua zikarudi, kubwa, za kuchelewa. Nilipovuka kwenda kwenye dungu maji yalikuwa yamefika magotini. Mpunga uliokufa ulikuwa umelala chini yake kama makapi. Juu hapakuwa na kitu, ni maji ya kahawia tu kutoka tuta hadi tuta. Mama akanipokea ngazini. Alikuwa ameshafunga sufuria kwa kamba.

Asubuhi nilitoka kukaa kwenye ngazi, nikaona yameanza. Yalikuwa yanachomoza kutoka chini, vichwa vimejikunja kama mtu anayelala amekumbatia magoti, mabua yamenyooka kuelekea juu. Moja lilifika, likagusa hewa, na nilipolirudia baadaye lilikuwa limefunguka: majani manne, yamelala juu ya maji, makavu. Kisha lingine. Hata pale mama alipong'oa kwa mikono miwili yalikuwa yanakuja. Sikuyahesabu. Nilikaa tu nikiangalia bonde linavyojaa kitu ambacho jana hakikuwepo. Nani anashona vitu hivi, nikawa najiuliza, na kwa ajili ya nani, wakati hakuna hata anayetazama?

Nikamwita mama. Akasema anafunga ndoo. Nikamwita tena.

Akaja, akashika nguzo ya dungu, akatazama. Alitazama muda mrefu. Nilidhani anatafuta neno la kunitania. Nilipogeuka alikuwa analia, bila sauti, maji ya macho yanashuka hadi kwenye kidevu. Nilimwona hivyo mara ya mwisho kwenye msiba wa baba.

"Yamengoja kwao," akasema.

Nilikuwa nimetazama mmea ule msimu mzima nikishangaa muda ambao unaweza kungoja. Sikuwa nimefikiria mahali. Zile punje hazikuwekwa kwenye chumba cha ziada cha mtu. Zilikaa kwenye udongo wake, zikakanyagwa zikiwa kwao, na ndiyo maana maji yalipokuja yalizikuta.

Simu ikaita. Kaka alikuwa amefika Michenga, akasema njia imejaa maji, gari haliwezi kushuka, tungoje mpaka yapungue. Nikamwamkia, akaitikia. Kisha nikasikia sauti yangu inamwambia kwamba mama haendi.

Kaka akauliza makubaliano yalikuwa nini, na mpunga uko wapi. Nikamwambia mpunga umekufa, na makubaliano yalikuwa ya kwao wawili, mimi sikuulizwa. Mama alikuwa ananipungia mkono ninyamaze. Alikuwa ametoa neno lake, na alitaka kulitimiza hata kama linamuua.

"Unajua ninachoogopa," kaka akasema. "Nani atakaa naye huko?"

"Mimi."

Nikamwambia mwakani tutatafuta shamba karibu na mto, na nitalihamishia cherehani langu kwenye dungu. Wateja wa Michenga wapo, na wa Ifakara watanifuata au wataniacha. Nilikuwa nayasema na kuyasikia kwa mara ya kwanza kwa wakati mmoja. Kaka akaomba aongee na mama. Nikampa simu. Sikusikia alichoambiwa. Mama aliitikia tu, ndiyo, ndiyo baba, kisha akakata na kuishika simu mikononi.

Akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni, yule mama wa zamani, mwenye macho makali.

"Wewe unaogopa ruba," akasema.

Nikamwambia ndiyo, naogopa sana.

Maji hayakupungua siku ile, ikabidi tulale hukohuko. Mama akafungua kamba ya sufuria akapika. Tulipokwisha kula akatandika mkeka, akalala upande ulio wazi, penye ngazi, na goti lake, akaniachia mimi upande wa ukutani, ule anaolazwa mtoto asije akadondoka.